Baiskeli ya Vipimo Vyangu

Jumapili tarehe 4 mwezi wa pili, saa saba na dakika ishirini mchana, mwanangu wa pili alinipigia simu kutoka Ubelgiji akaniomba vipimo vya mwili wangu. Alitaka kimo changu, urefu wa mkono kutoka begani hadi kiganjani, urefu wa mguu kutoka mapaja yanapokutana hadi kisiginoni, na kilo zangu. Niliandika yote katika daftari pamoja na tarehe, kwa kuwa mtu aliyejifunza kuandika akiwa tayari na watoto wanne haachi jambo lipite bila kuliandika. Kipimo cha mguu ndicho kilichonisumbua. Kitenge hakina haja ya kujua mapaja yanakutana wapi. Nikaamua kwamba mwanangu ananishonea suruali, na kwa wiki kadhaa nikatayarisha maneno ya upole ya kumweleza kwamba mjane wa miaka hamsini na mbili, anayewafundisha kina mama kusoma na kuandika, hawezi kuanza suruali katika umri huo.

Haikuwa suruali. Jumatano tarehe 22 mwezi wa tano, katoni ndefu ilivuka mpaka wa Ruzizi ikaingia Bukavu mikononi mwa mfanyabiashara mmoja wa parokia yetu. Ndani yake mlikuwa na baiskeli ya milimani katika vipande, pampu ndogo yenye saa ya kupimia hewa, na kijitabu cha Kifaransa cha kurasa arobaini. Mwanangu anafanya kazi katika karakana inayojenga baiskeli moja moja, kila moja kwa mwili wa mtu mmoja, kama fundi cherehani anavyokata nguo. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba nimeangushwa mara mbili na pikipiki za abiria nikienda kufundisha Kadutu. Mtoto mwingine angenipa pole. Huyu alinijengea chombo cha kupandia mlima kwa nguvu zangu mwenyewe.

Fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu aliiunganisha barazani, mimi nikimsomea kijitabu kwa sauti, sentensi moja baada ya nyingine, naye akitii. Ilitoka ya kijani, na matairi mapana yenye meno. Mbele na nyuma ilikuwa na mirija iliyojaa hewa, inayobonyea na kuinuka ili mawe ya njiani yasifike mgongoni. Fundi aliukandamiza mkono wake juu ya kiti. Kiti kikashuka, kikapanda. Alirudia mara tatu, kisha akasema kwamba ameshatengeneza vyombo vingi, ila hiki ndicho cha kwanza kinachopumua.

Niliiweka sebuleni, ukutani, palipokuwa na kochi. Kochi lenyewe liliondoka zamani. Mume wangu alifariki Jumanne tarehe 9 mwezi wa tatu, miaka mitatu kabla ya hayo ninayoyasimulia, na tarehe 17 ya mwezi huohuo, matanga hayajaondolewa, mdogo wake alipanda kutoka Luvungi, kule bondeni, akaondoka na pikipiki, kochi, redio na suti mbili, ambazo hata moja haikumtosha. Vitu vya marehemu ni vya ndugu zake. Ndivyo ilivyoelezwa, na hakuna aliyeniuliza. Siku zile niliona kwamba kunyamaza ni heshima. Wageni wangu basi walikaa kwenye viti vya plastiki wakiitazama baiskeli, nami niliwaeleza kila sehemu kwa jina lake la Kifaransa, hata wale waliokuja kuomba chumvi.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na fahari, nayo fahari haitulii sebuleni. Jumapili tatu mfululizo niliipeleka baiskeli misani. Sikuipanda. Nilitembea kando yake nimeishika usukani, nimevaa kitenge changu cha sikukuu, nikateremka nayo na nikapanda nayo, na wakati wa kurudi jasho lilinitoka zaidi kuliko siku nilizokwenda bila chombo chochote. Jumapili ya pili, tarehe 2 mwezi wa sita, niliomba nipigwe picha nikiwa nayo mbele ya kanisa. Picha hiyo niliiweka kwenye status ya simu, ili waione wote walio na namba yangu. Nilisahau, au nilijifanya nimesahau, kwamba shemeji yangu wa Luvungi naye alikuwa na namba yangu.

Alipiga Jumanne tarehe 4. Alinisifu kwa muda mrefu, na hilo peke yake lilitosha kunitia hofu. Kisha akasema kwamba amesikia nitawaita majirani kuinywesha baiskeli Jumamosi ya tarehe 15, na kwamba familia haiwezi kukosa. Kwetu kitu kipya hakikai nyumbani bila kunyweshwa: watu huja, hula, hunywa, hukisifu, na baada ya hapo ndipo kinahesabiwa kuwa kweli ni cha mwenyewe. Sikuweza kumkataza. Mwanangu huyohuyo bado hajaoa, na siku ya kupeleka mahari huyu baba yake mdogo ndiye atakayesimama mbele ya wakwe. Nikigombana naye hadharani kwa ajili ya chuma, atakayelipa ni mtoto. Lakini chuma hicho kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kilichotengenezwa kwa ajili yangu tu, na sikuwa tayari kukiona kikifungwa juu ya lori la Luvungi.

Nilirudi kwenye kijitabu. Ukurasa wa ishirini na sita ulikuwa na jedwali: upande mmoja kilo za mpandaji, upande wa pili kiasi cha hewa kinachomfaa. Chini yake palikuwa na onyo kwamba mirija isiyo na hewa ya kutosha itazama chini ya mpandaji, na baiskeli haitaendesheka vizuri. Niliusoma ukurasa huo mara mbili. Nilikalia dawati na wasichana wa umri wa binti yangu, nikapata diploma ya Serikali nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo nilikuwa bado sijasoma maneno yaliyonifaa namna ile.

Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, kabla ya kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nilifungua vifuniko vya mirija yote miwili na kubonyeza vali za hewa kwa ncha ya sindano. Hewa ilitoka kwa mluzi mwembamba. Nikafunga, nikapangusa vumbi, nikaiegemeza uani, nikaenda jikoni. Sikuungama jambo hilo, kwa sababu sikupata kifungu linapoangukia.

Shemeji alifika saa sita akiwa na tabasamu na kamba mpya ya katani. Ni mtu mkubwa, wa kilo tisini na kitu kwa makadirio yangu. Mimi nina hamsini na nane. Alikula vizuri, akanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaizunguka baiskeli mara mbili. Halafu akasimama na kuzungumza, kwa sauti ya mtu anayenipunguzia mzigo. Alisema Bukavu ni milima mitupu, na mwanamke wa heshima hawezi kuonekana akihangaika juu ya pedali. Luvungi njia ni tambarare kama meza na kuna mihogo ya kubeba. Angeitunza.

Nilimjibu taratibu kwamba haikuwa mali ya ndugu yake. Ilitoka kwa mtoto.

"Na mutoto iko wa nani, maman diplome?" aliniuliza. "Si wetu? Kitu ya mutoto wetu ni kitu ya famille."

Majirani waliacha kutafuna. Jirani yangu, mama anayeuza unga soko la Kadutu na asiyejua kunyamaza, aliweka sahani chini asikose neno. Nilikuwa nimelitayarisha jibu langu tangu Jumanne ya simu.

"Shemeji, hiyo kinga ilipimwa kwa mutu," nikasema, maana kwetu baiskeli ni kinga. "Panda mbele ya bantu. Kama inakukubali, ubebe. Kama inakukatala, tusiongee tena."

"Kinga ikatale mutu?" Alicheka, akakunja suruali, akapanda.

Baiskeli ilishuka. Ilishuka mbele na nyuma kwa pamoja, polepole, kwa adabu, mpaka magoti yake yakakaribia kidevu. Alikanyaga pedali; pedali ikagonga jiwe la uani. Alijaribu tena, akasogea hatua tatu, akashika breki, na usukani ukainama mbele yake kana kwamba unamwamkia. Akateremka haraka akainua mikono, akidhani ameivunja.

"Inapiga magoti," jirani yangu akasema. "Ilizoea misa."

Uani pote walicheka, na shemeji, nampa haki yake, alicheka pia, ingawa alichelewa kidogo. Akapangusa mikono.

"Hii si kinga, ni kochi," akasema. "Gunia moja ya mihogo itaiua. Baki nayo, maman. Iko ya kuonyesha bageni."

Alisema "baki nayo" mbele ya watu kumi na tisa. Niliwahesabu, na jioni niliandika idadi yao chini ya tarehe. Kamba ya katani aliisahau. Naanikia nguo juu yake hadi leo.

Jumatatu nilijaza hewa ya kilo hamsini na nane na kuanza kujifunza upya. Utotoni niliwahi kuendesha baiskeli ya baba yangu, mguu mmoja ukiwa umepenyezwa ndani ya fremu kwa kuwa sikufikia kiti. Hii niliifikia. Nilianguka mara nne, tarehe ninazo, na kufikia katikati ya mwezi wa saba nilikuwa naenda nayo darasani, nikiisukuma panapopanda sana, yaani karibu kila mahali.

Jumanne tarehe 30 mwezi wa saba, saa nne asubuhi, shemeji alibisha hodi. Alikuja peke yake, bila kupiga simu. Mkononi alikuwa na kipande cha bomba la chuma, kimechomelewa vizuri na kutobolewa ncha zote mbili. Alikuwa amekadiria kipimo kwenye picha yangu ya kanisani. Alisema amewaza sana juu ya baiskeli ile inayozama. Haifai mke wa ndugu yake achekwe barabarani. Tungeondoa mrija wa nyuma tuweke chuma hicho, nayo ingekaa imara daima. Tangu tarehe 17 ile ya kochi, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuingia nyumbani kwangu kutoka kwa ukoo huo, na kilitengenezwa kwa mkono wake.

Nilimkaribisha chai. Sikujua nimtazame kwa jicho gani. Alitaka kuanza kazi mara moja, nikamwambia angoje kidogo, akasema basi nipande kwanza aone inavyozama. Nikapanda. Nilizunguka ua mara mbili, nikapita juu ya jiwe lilelile, mirija ikabonyea kidogo na kuinuka. Nilipoteremka alikuwa bado ameshika kile chuma kwa mikono miwili.

"Kumbe ni uzito," akasema mwishowe. "Ujane umekukondesha, maman. Ni ile tu."

Nilikubali kwamba ujane unakondesha. Akaketi, akaomba nimweleze kijitabu kinasema nini juu ya chombo cha namna hiyo, kwani fundi wa Luvungi alikuwa amemuuliza. Nilimsomea, nikimtafsiria kwa Kiswahili, kwa karibu saa nzima: kusafisha mnyororo, kukaza skrubu, mafuta gani na wapi. Alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi. Nilipofika ukurasa wa ishirini na tano nililowesha kidole, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, lile jedwali la hewa likiwa katikati, nikaendelea na sehemu ya breki.