Do ya Mwalimu Veneranda

“Basi ikaze!” Damari akasema. “Kitu gani kigumu hapo? Ufunguo unao, mikono unayo, nyuzi hizo hapo. Kaza mpaka ifike.”

“Ifike wapi?”

“Ilipo do ya watu wengine.”

“Hao watu wengine ndio waje ilipo hii,” Mwalimu Veneranda akajibu, akakibonyeza kibonye cha do, ile ya do-re-mi, kwenye piano yake, kwa kidole cha shahada, mara tatu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. “Sikia. Ina ubaya gani?”

Damari akaisogeza simu yake kwenye piano. Kijana mmoja wa pale sokoni Mwanjelwa, Damari anakouza mchele, alikuwa amemwekea programu ya kupima sauti: ukiwa penyewe inawaka kijani, ukikosea inawaka nyekundu. Ikawaka nyekundu, nyekundu ya nyanya iliyoiva ikapitiliza. Veneranda akabonyeza kwa nguvu zaidi, labda simu haisikii vizuri, ikazidi kuwa nyekundu.

“Imekataa,” Damari akasema.

“Hiyo simu yako imezaliwa lini, Mama Esta?”

“Mwaka juzi.”

“Mimi do hii ninayo tangu nina miaka tisa.”

Ugomvi wenyewe ulikuwa na siku nne. Alhamisi iliyopita, Esta, binti wa Damari, alikwenda Iringa kwenye mchujo wa kundi moja la vijana wanaopiga ala za nyuzi. Wapigaji walikuwa kumi na mmoja, wakitafuta mtu mmoja tu wa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni katikati ya magoti, na atakayepatikana angesomeshwa hapohapo miaka miwili. Esta ana miaka kumi na saba, na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti cha Mwalimu Veneranda. Alikaa, nyuzi zake zikakazwa zifuate piano yao, akaanza kupiga. Mstari wa kwanza akaenda nao bega kwa bega. Wa pili, vidole vikaanza kuteremka, maana selo haina vibonye. Kidole hujitafutia sauti chenyewe, na vidole vya Esta vilikuwa vinatafuta do ya nyumbani kwa Mwalimu. Kufika mstari wa nne alikuwa peke yake huko chini, kama abiria aliyeteremka kituo kisicho chake. Msimamizi akasema binti ana mkono wa ajabu, ila sikio lake linaishi nyumba nyingine. Akapewa nafasi ya mwisho: arudi Jumamosi, akishindwa, wanamchukua mwingine. Na leo ilikuwa Jumatatu.

“Siku tano,” Damari akasema, akazihesabu kwa vidole, vyote vya mkono mmoja. “Siku tano mtoto asikie do iliyonyooka, asubuhi na jioni, mpaka imwingie. Ukikataa, kesho nampeleka kwa Gerson. Ana kinanda cha umeme.”

“Gerson!” Veneranda akacheka. “Umeme ukikatika, Gerson anafundisha nini? Kupiga makofi?”

Lakini cheko lilikuwa fupi. Esta ndiye mwanafunzi pekee wa selo aliyefika pale alipofika. Wengine walikuwa wa piano, na wengi wao ni watu wa kupita tu: mchungaji aliyetaka wimbo mmoja wa harusi, askari mstaafu aliyejifunza kwa mkono wa kulia peke yake kwa sababu wa kushoto, alisema, ulishatumika vya kutosha kazini.

Mwalimu Veneranda hakuzaliwa Mbeya. Ni mtu wa milima ya Iringa, upande wa Kilolo, ambako ukungu ukishuka, mtu hulitafuta kombe la uji kwa kupapasa. Alipokuwa na miaka tisa, masista wa misheni walimchukua afagie chumba cha kuimbia, na mwenye chumba alikuwa Sista Matilda, mwembamba kama kijiti cha kibiriti. Sista alikuja nchini na vitu vitatu vya muziki: piano, selo, na uma wa chuma wa kutolea sauti, ule unaougonga, unalia, nawe unakaza nyuzi kuufuata. Uma huo ulimezwa na mbuzi wa misheni. Kwa majuma mawili mbuzi yule alilia sauti ya la, safi kabisa, tena bila kutikisika, hata kwaya wakawa wanamwendea mazizini kuchukua sauti. Pasaka wakamchinja. Uma haukuonekana, na nyama, waliokula wanasema, ililia kidogo kwenye meno.

Basi Sista akabaki hana pa kushika. Na waumini wa pale walikuwa na desturi yao. Kengele ilipogongwa, aliyekuwa shambani aliikamata sauti yake, akaja akiiimba njia nzima, huyu bondeni, yule mlimani, na wote wakikutana mlangoni wanakuwa sauti moja. Misa ilianzia hapo. Sista alijaribu kuwavuta juu kwa piano Jumapili tatu. Hawakuvutika. Ya nne akachukua ufunguo, akaishusha piano ikawafuata. Veneranda alikuwa amesimama pembeni na ufagio wake, akaona namna nyuzi zinavyolegezwa mmoja mmoja, akaisikia do ikikaa. Akajua hiyo ndiyo do.

Akaolewa na Fanueli, mtu wa reli, akaja naye Mbeya. Miaka ikapita, masista wakafunga nyumba yao, wakampa piano na selo, maana hakuna mwingine aliyejua wapi pa kuvishika. Vikaja juu ya lori la viazi. Selo ilifungwa ndani ya godoro, ikatulia. Piano haikutulia. Kila shimo la barabara lilikuwa na wimbo wake, na wanasema kufika mizani, wale wapima magari walitoka nje wakavua kofia wakidhani lori limebeba msiba, wakaliruhusu lipite bila kupimwa. Pale Igawa, njiani, wauza karanga waliifuata mbio mpaka pumzi zikawaishia.

Fanueli alifariki, Veneranda akabaki na ala zake na wanafunzi. Ana njia zake. Kwa piano anakuwekea karanga moja mgongoni mwa kila kiganja. Ukimaliza wimbo hazijaanguka, unakula, zikianguka anakula yeye, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza humnenepesha. Kwa selo, hakugusishi upinde wa kusugulia nyuzi mpaka uimbe wimbo wote kwa mdomo, mwezi mzima ikibidi, mpaka sauti ikae kichwani isitoke. Singa za upinde anatumia mkia wa punda wa Usangu, na upinde huo, akisema mwenyewe, hutaka kurudi nyuma ukifika mlimani. Ulimbo wa kuzipaka singa anaagiza Mufindi, kwa wagema utomvu wa mipaina, anauchemsha kwenye sufuria aliyowakataza watu wote kupikia. Hata jogoo wa nyuma ya soko, kuanzia mlangoni kwake hadi kwenye mashine ya kusaga, wanawika kwa do ile ile. Jogoo akinunuliwa Igawa akaletwa hapo, siku tatu anakuwa kimya anasikiliza. Ya nne anawika kama wenzake.

“Sasa tufanye hivi,” Veneranda akasema. “Wewe huniamini mimi, unaamini simu. Nitampigia kaka yangu Kasian. Ndiye mpiga kengele wa parokia mpaka leo. Aigonge, simu yako isikie. Kama mimi nimeikosea kengele, nitakaza.”

“Na kama simu itaikataa kengele yenyewe?”

“Kengele ya kanisa?” Mwalimu akamwangalia kama mtu aliyetukana. “Piga namba.”

Damari akapiga kwa simu ya Mwalimu, na Kasian akapokea baada ya mlio wa saba, maana mikono yake ilikuwa na udongo.

“Kamwene, kaka.”

“Kamwene, dada. Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Gonga kengele.”

“Saa hizi? Watu si watakuja!”

“Gonga kidogo tu, kwa kipande cha chuma, kwa ajili yangu.”

Wakasikia hatua zake, wakasikia kuku, kisha ikalia: ngaaa. Veneranda akabonyeza do. Zikashikana kama mapacha, hakuna aliyetangulia. Mwalimu akainua kidevu. Damari akatazama simu yake, ile ya kupimia. Nyekundu.

“Imeikataa kengele,” Damari akasema.

“Mama,” Kasian akaita kutoka huko, maana Damari alikuwa amesema kwa sauti, “kengele gani? Hili ni ringi.”

“Ringi la nini?”

“La gurudumu. Limetundikwa kwenye mkaratusi. Hapa hatujawahi kuwa na kengele.”

“Hilo nalijua,” Veneranda akasema haraka. “Ringi la trekta ya kijiji. Nimekua nalo.”

“La trekta?” Kasian akacheka mpaka simu ikakwaruza. “Dada, la trekta liliibwa na wauza vyuma chakavu, ule mwaka Fanueli alipofariki. Tukatundika la lori la mbao. Hilo nalo likapasuka, nikaligonga Pasaka kwa furaha kupita kiasi. Hili la sasa ni la tela. Lina miaka saba.”

“Na sauti zake?”

“Kila moja na yake. La trekta lilikuwa juu kidogo. La mbao chini. La tela chini zaidi, ila linafika mbali.”

Kasian akaaga, akarudi kwenye udongo wake. Nje mashine ya kusaga, kama imesikia, ikapumzika.

Mwalimu Veneranda alikuwa akipiga hesabu. Kila Krismasi huenda kwao. Kila Krismasi huisikiliza kengele, akairudisha kichwani Mbeya, akafungua kifuniko cha piano na kuona kwamba baridi imeipandisha juu ya kengele, akailegeza irudi penyewe. Kumbe baridi haikuwa na kosa. Akamkumbuka Anord, mwanafunzi wake wa miaka ya mwanzo, na Jailos wa miaka ya katikati, walivyowekwa pamoja kwenye harusi waimbe bila ala, mmoja sauti ya kwanza, mwingine ya pili. Wakafika katikati wakaanza kutazamana kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Mpaka leo hawasalimiani, kila mmoja anasema mwenzake hana sikio. Na wote wawili, akawaza, wako sawa kabisa, kila mmoja kwa ringi lake.

“Kwa hiyo umeshaibadilisha mara mbili,” Damari akasema.

“Sikuibadilisha. Nilikuwa naifuata.”

“Mara mbili, Mwalimu. Hii itakuwa ya tatu. Kwani ile ya trekta ilikufa ukazika?”

Veneranda akainuka. Akaenda kwenye kabati, akatoa ufunguo wa nyuzi uliofungwa kwenye kitambaa, akaondoa kifuniko cha piano akakiegemeza ukutani. Nyuzi zikaonekana, za zamani, zenye kutu pembeni. Kuzilegeza si kazi. Kuzikaza ni jambo lingine: zinaweza kukatika, na uzi mmoja ukikatika Mbeya hakuna wa kukuuzia.

“Weka simu hapo,” akasema. “Pale ninapoiona.”

Damari akaiweka juu ya kitabu cha nyimbo. Mwalimu akavisha ufunguo, akauegemea kidogo, kidogo tena. Uzi ukalalamika. Nyekundu. Akauegemea tena. Jogoo mmoja nje akaanza kuwika akaacha katikati. Ikawaka kijani.

Wote wawili wakaitazama ile kijani. Veneranda akabonyeza do yake mpya, uso wake kama mtu aliyeonja chai ya nyumba ya jirani.

“Ina baridi,” akasema.

“Itapata joto.”

“Zimebaki mia mbili na kitu. Nitamaliza kesho jioni, zisipokatika. Kuanzia hapo Esta aje mara mbili kwa siku.”

“Atakuja.” Damari akakusanya kanga yake, kisha akasita. “Ila Mwalimu, nani atamwambia?”

“Amwambie nini?”

“Kwamba hiyo aliyonayo kichwani miaka sita ni ringi la tela. Usiku anaimba usingizini, Mwalimu. Ameniambia hata akiumwa kichwa, kinaumwa kwa do hiyo.”

“Wewe ndiye mama yake.”

“Wewe ndiye uliyemwimbisha mwezi mzima bila upinde ili isimtoke!”

“Mimi nitamfundisha mpya. Wewe mwambie ya zamani.”

“Sijui hata kuimba! Nitamwambiaje, kwa mchele? Mwambie wewe, tena mwambie leo, na umwambie vizuri, usije ukamvunja mkono kabla ya Jumamosi, maana akijua kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unafuata vyuma vya—”

Mlango ukasukumwa. Selo ikaingia kwanza, ndani ya mfuko wake, ikibana kama mtu mnene, na nyuma yake Esta, mabega yamelowa manyunyu.

“Shikamoo, Mwalimu. Mama? Na wewe upo?”

“Nilikuwa namuuliza Mwalimu habari za maparachichi,” Damari akasema.

Esta akaishusha selo taratibu. Akamtazama mama yake, akatazama ufunguo mkononi mwa Mwalimu, kisha piano iliyokuwa wazi kifua. “Keti, Esta,” Mwalimu akasema, akamsogezea kiti, “kabla ya selo nina habari za ringi moja la tela.”