Dakta Vumbi na Upara wa Bosi

Saa tatu asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, mwanamke mwenye koti jeupe anamwaga vumbi laini la kijivu kwenye beseni. Usidhani anacheza. Hilo ndilo bafu la wagonjwa wake.

"Ukiwaogesha kwa maji umejitafutia balaa," anasema bila kuinua kichwa. "Manyoya yao ni mazito, hayakauki upesi. Hawa ni wa vumbi tu."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Dakta Vumbi. Zamani alitibu mbuzi na kuku. Siku hizi wagonjwa wake wengi ni chinchila, wanyama wadogo wa kufugwa ndani, wenye masikio makubwa, mkia wa kindi na manyoya laini ajabu.

Leo kwenye benchi wamekaa kinyozi wa mtaa wa pili na mkewe. Katikati yao kuna boksi lenye matundu. Ndani yake yumo Bosi, chinchila wa kinyozi.

Wiki chache zilizopita Bosi alikuwa hatazamiki. Pua tupu, masikio yana magamba, mguu mmoja kama umenyolewa. Mke wa kinyozi alipojiona naye ana doa la mviringo mkononi, alikuja juu.

"Nilimwambia mume wangu, huyu asipopona anarudi alikotoka," anasema. "Sikutaka maneno mengi."

Kinyozi anatazama viatu vyake. "Nikitoka kazini, huyu ndiye rafiki yangu. Akiondoka nitalia kweli, wala sioni haya kusema."

Chinchila hunyonyoka kwa sababu nyingi, anaeleza Dakta Vumbi. Wengine hujitafuna kwa upweke. Wengine hutafunwa na wenzao. Na ukimkamata kwa pupa, fungu la manyoya linabaki mkononi mwako, mwenyewe huyoo, katoka mbio. Lakini yale magamba yalimtia shaka, na vipimo vikathibitisha: ni choa, fangasi wa ngozi anayeambukiza. Sasa Bosi, asiyetoka nje, kautoa wapi ugonjwa huo?

"Nikawauliza nani humchana. Baba wa watu akajipiga kifua: 'Mimi mwenyewe, kwa kichana changu cha kazini!'"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Kichana kilichopita vichwa vya mtaa mzima!

"Vifaa vingine nasafisha," kinyozi anajitetea. "Hicho kilikuwa kinakaa mfukoni. Nilidhani namtunza kama mteja wa heshima."

"Heshima gani!" mkewe anadakia. "Umetugawia choa nyumba nzima!"

Kichana kikatupwa, kizimba kikasuguliwa, vumbi la zamani likamwagwa. Bosi akawa anapakwa dawa kwa glavu. Mke wa kinyozi naye akapata dawa yake zahanati, na doa limekwisha.

Sasa ni zamu ya Bosi. Dakta Vumbi anamtoa, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio. Anapuliza manyoya taratibu ili ngozi ionekane. Anachungulia pua, masikio, mguu. Kinyozi ameshika goti la mkewe utadhani wanasubiri matokeo ya mtihani.

"Yameota," anasema hatimaye. "Na vipimo vya juzi ni safi. Kapona."

"Weee!" Kinyozi anarusha kofia. Bosi anatumbukia kwenye beseni na kubingirika, vumbi linatimka, watu wote wanapiga chafya, mwandishi huyu akiwemo.

"Naipenda kazi hii, jamani," anasema Dakta Vumbi, akifuta machozi ya kicheko. "Mbuzi akipona anaondoka zake. Huyu anakurushia furaha usoni."

Mpango wake sasa ni kukodi chumba cha jirani, ili wenye magonjwa ya kuambukiza wasikae pamoja na wengine. Mwenye duka amekubali, na kinyozi amejitolea kupaka rangi. "Mwaka huu hautaisha kabla sijakifungua," anasema Dakta Vumbi.

Kinyozi hasikii tena. Amemrudisha Bosi ndani ya boksi, amelikwapua na kukimbilia mlangoni. Mkewe anamfuata mbio, mkoba unayumba begani.

"We baba, taratibu basi!" anafoka. "Utamtikisa mwanangu!"