Uso wa Tata, Kiirua

Binamu yangu Mwiti alikuwa kizuizini, na huko mtu alimwambia kwamba mama yake amekufa. Akaacha kula. Barua tulizomwandikia hakuziamini, kwani barua huandikwa na yeyote. Mama yake ni shangazi yangu, aliyeolewa Kiirua, nasi humwita Tata. Tata akanitumia ujumbe: njoo na kamera, Mwiti auone uso wangu. Basi mimi, mpiga picha wa kujifunza mwenye kamera ya sanduku, nikaomba kibali cha kutoka Embu.

Alfajiri nilidandia lori la viazi. Njia nzima nyumba zilikuwa wazi, majivu mekoni, wenyewe wamehamishiwa vijiji vipya. Karibu na Chuka askari walitushusha. Pembeni alikaa mtu aliyefunikwa gunia hadi magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho, kazi yake kuwatambulisha kwa askari watu waliokula kiapo cha kupigana na wazungu. Tulipita mbele yake mmoja mmoja. Aliyetikisiwa kichwa hakurudi kwenye lori. Mimi aliniangalia, nadhani. Ndani ya matundu yale sikuona kitu. Hakutikisa kichwa, nikapanda lori tena.

Nililala Meru mjini. Kesho yake mchana nikaingia Kiirua, kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa. Nyumba zilibanana, watu tele, lakini hapakuwa na aliyepaza sauti.

Tata alikuwa tayari, kavaa kitambaa kipya cha kichwa.

“Piga hapa kwa jua, mwana wa ndugu yangu. Uso yote ionekane.”

Jua lilikuwa utosini. Nilipochungulia kwenye kioo cha kamera, kivuli cha paji kilikuwa kimemeza macho yake, yamebaki mashimo meusi. Mwiti angeona picha ya maiti.

“Twende ndani, Tata.”

“Ndani ni giza tupu!”

Kweli nyumba haikuwa na dirisha. Nilimkalisha hatua chache kutoka mlangoni, uso kaugeuza kidogo kuelekea nje. Nuru ikamjia polepole, laini, ikatanda shavuni. Upande wa pili ulibaki mweusi. Nikamwomba jirani yake, Nkatha, kitu cheupe cha kurudishia nuru. Akaenda mbio, akarudi na gunia jeupe la unga, akaingia ameliinua mbele ya uso wake.

Tata aliruka hadi ukutani.

“Toa hiyo! Si mimi! Mimi sijakula kiapo!”

“Ni mimi, mama Mwiti! Ni Nkatha!”

Nkatha alilishusha, analia. Tata akalipapasa gunia kote, pole pole, akitafuta matundu.

“Haina macho,” akasema mwishowe. “Haya, shikilia.”

Niliiweka kamera juu ya kigoda, nikaiacha lenzi yake wazi kwa muda, maana nuru ya ndani ni haba. Sote tulizuia pumzi. Nje nyayo za mlinzi zikaja, zikasimama, zikaendelea.

Nikirudi nilisafishiwa filamu pale Meru. Katika kila jicho la Tata palikuwa na doa dogo la nuru, nalo lilikuwa taswira ya mlango. Mnaoanza kazi hii, nililojifunza ni hili: jua la utosini likimbieni. Mkalisheni mtu karibu na mlango aitazame nuru, na kitu cheupe kiwe upande wa kivuli, ila mwonyesheni kwanza.

Picha nilimpa padre aliyekuwa akizuru kambi, naye ndiye aliyetuletea habari. Mwiti aliishika karibu na seng'enge, akayatazama yale macho muda mrefu.

“Mtu amekufa hana mwanga kwa macho,” alisema, kisha akaomba uji.