Pikipiki ya Dionis Haina Dawa

Kama kuna jambo Kipriani Ndihokubwayo alishindwa kulivumilia, ni mganga kusifiwa kwa kazi ya fundi. Mtukane, mwite Mrundi hata kama yeye na watoto wake wote wamezaliwa Kasulu. Atanuna leo, kesho mtasalimiana. Lakini hilo la mganga lilimkaa kooni, na alikuwa na haki.

Mwaka 2014 waendesha bodaboda wa Kasulu walikuwa wamechoka kuchekwa. Kila Nanenane walikwenda Kibondo kushindana mbio fupi, pikipiki mbili mbili kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka, na kila Nanenane walirudi vichwa chini. Shida yao ilikuwa kuondoka. Bendera ikishuka, wenzao walichomoka, wao wakabaki kula vumbi. Ndipo Dionis, dereva wa pale stendi, alipoipeleka pikipiki yake gereji kwa Kipriani, na Kipriani akaapa kwamba safari hii Kibondo watajua Kasulu kuna fundi.

Alianza na sproketi ya nyuma. Alitoa ile ndogo, akafunga kubwa yenye meno mengi ili gia ya kwanza ivute kwa nguvu. Springi za klachi akaziongezea vipete vya washa ili klachi isiteleze. Siku ya kujaribu, Dionis aliachia klachi, pikipiki ikasimama wima kama mbuzi anayerukia majani ya mti, ikamtupa kwenye shamba la mihogo. Watu wakashangilia. Dionis aliinuka anacheka, suruali imechanika, anataka kurudia.

"Umefurahi?" Kipriani alimuuliza.

"Fundi, umeona ilivyopanda?"

"Nimeona. Nguvu yote imekwenda juu. Kwani Kibondo iko juu?"

Akairudisha gereji. Akarefusha mkono wa tairi la nyuma kwa chuma cha kitanda kibovu, mpaka mkewe Uwimana akauliza kama na kitanda chao nacho kinatakiwa. Akashusha shokapu za mbele, akahamishia betri chini ya taa, akapunguza upepo wa tairi la nyuma lipate kushika vumbi. Alifungua, akajaribu, akafungua tena. Alichotaka ni tairi la mbele liinuke kiganja kimoja tu, liguse chini, na pikipiki iwe imeshakwenda. Siku lilipoinuka hivyo alicheka peke yake kama mtu aliyepata mtoto.

Kibondo, siku ya Nanenane, Dionis hakushikika. Kila bendera iliposhuka yeye alikuwa ameshaondoka, na fainali aliimaliza akitazama nyuma. Akabebwa juujuu, akapewa kipaza sauti. Kipriani alisogea karibu, amevaa shati lake la kanisani, akijua jina lake linakuja.

"Kwanza kabisa," Dionis alisema, "namshukuru mzee wangu wa Gwarama aliyenifungia hii." Akaonyesha hirizi nyeusi kwenye usukani. "Bila yeye nisingefika."

"Ego, ego," watu wakaitikia, wakikubali kwa Kiha chao kana kwamba wamesikia neno la padri.

Basi. Hakuna fundi, hakuna sproketi, hakuna jasho la mtu. Angemshukuru Mungu, Kipriani angenyamaza, maana mwenyewe ni mtu wa kwaya. Lakini mzee wa Gwarama, mganga asiyejua hata klachi inakaa upande gani! Alimwendea mtangazaji akaomba mbio moja ya ziada, kati ya Dionis na yule aliyeshika nafasi ya pili. Watu wa Kibondo hawakuhitaji kubembelezwa.

Akapiga magoti mbele ya macho ya wote. Akafungua sproketi kubwa, akarudisha ndogo aliyokuwa nayo kwenye mfuko wa vipuri, akafupisha mnyororo. Hirizi hakuigusa.

"Dawa yako hiyo hapo," alimwambia Dionis. "Nenda nayo."

Bendera ikashuka, na pikipiki ikajikongoja, ikaachwa mbali. Kipriani alikunja mikono akingoja watu wafunguke macho. Walinong'onezana kwanza, kisha mama mmoja muuza chai akatoa kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wanakiwaza.

"Kumbe dawa iko kwenye spana ya yule baba."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Waliporudi Kasulu, wakaja gereji mpaka watu wasiokuwa na pikipiki. Mbadilisha fedha wa Manyovu alitaka spana iguse droo yake. Kocha wa timu ya mpira alileta wachezaji waguswe magoti. Kipriani aliwafukuza kwa matusi, na kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kusadiki, maana mganga wa kweli, walisema, ni mkali. Uwimana alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe hakucheka. Usiku na mchana aliwaza kufunga gereji akalime maharage, kwa sababu shamba angalau hakuna anayelisingizia uganga.

Kisha akaja Dionis.

"Shikamoo, fundi. Naomba uirudishe ilivyokuwa." Akasita. "Na kama hutajali, uisomee maneno kidogo."

Kipriani alimwekea spana mkononi. "Isomee mwenyewe."

Tangu hapo hakugusa hata nati moja. Alikaa kivulini akitoa amri tu. Dionis alifunga vibaya, akaambiwa afungue. Akakaza mnyororo mno; akaulegeza, ukaruka. Alipochukia na kutaka kuondoka, alionyeshwa njia, na hakuondoka. Pikipiki ilimtupa tena kwenye mihogo, na safari hii hakuona cha kuchekesha. Aliisukuma hadi gereji akipiga hesabu ya shokapu midomo ikimchezacheza. Kucha zikavunjika, viganja vikapasuka. Hirizi nayo ilikatika, ikadondokea kwenye oili chafu, akasahau kuiokota.

Hatimaye tairi la mbele liliinuka kiganja kimoja, likagusa chini, pikipiki ikachomoka. Anifa, abiria wake wa siku zote, alikuwa amesimama barabarani na kikapu chake.

"Dionis, naona dawa imerudi."

Dionis alizima pikipiki, akashuka, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Dawa ipi, dada Anifa? Hebu itazame hii mikono. Mganga gani umemwona amechubuka hivi? Nimefungua hili tairi mpaka naliota usingizini, halafu unakuja kuniambia dawa?"

Anifa aliomba radhi, naye akaendelea kufoka, akieleza sproketi, akieleza washa, akieleza betri chini ya taa, kana kwamba wilaya nzima imemdhulumu. Kipriani alisikiliza neno kwa neno kutoka kivulini mwa gereji.

"Fundi Dionis," alimwita alipomaliza, "njoo unawe mikono tule."