Tundu la Shimo la Ndizi

Weka shoka chini kwanza, mwanangu, nikueleze siku moja ambayo mpaka leo naikumbuka kwa harufu. Nikipita sokoni Tukuyu penye ndizi zilizoiva kupita kiasi, naziba pua. Wauzaji hunicheka, "Bibi anaringa huyo!" Waache wacheke.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe huku Ikuti. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya Dar yakaanza kupanda mpaka kwetu kutafuta ndizi. Zamani tulivundika za kula na za kupeleka msibani. Sasa kila mwanamke akawa mfanyabiashara, na mimi kwa kiherehere changu nikataka kuwapita wote. Mchuuzi mmoja aliniambia atapita Alhamisi, na anataka zilizoiva. Basi mimi na wifi yangu Tusajigwe tukachimba shimo la kumzidi mtu kimo. Jina la wifi kwa Kinyakyusa maana yake tumebarikiwa. Alikuwa msichana wa kucheka, yule. Hata akiwa analima, anacheka.

Kuvundika kuna sheria zake. Unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga mikungu, unapuliza moshi kwa pembeni, unafunika kwa majani na udongo. Lakini juu unaacha tundu, ili joto lililozidi na hewa mbaya vipate pa kutokea. Na siku ya kufukua, hakuna kuingia kabla hujashusha kijinga cha moto. Kikizimika, hewa mbaya bado imo, unasubiri. Mimi nikaona tundu linanipotezea joto. Nikaliziba kwa nailoni na bonge la udongo.

Baba mkwe aliona. Hapa nisikilize vizuri, maana ninyi siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwetu sisi, mke hakuonana na baba wa mumewe wala kusemeshana naye. Ukimsikia anakohoa njiani, unajitupa migombani. Basi mzee akasimama nyuma ya migomba, akamsemesha kuku: "Wewe kuku, mwambie aliyeziba tundu azibue. Shimo lisilopumua linaua."

Nilisikia neno kwa neno. Nikajitupia kanga kichwani nikakimbia, eti mkamwana mwenye heshima zake! Heshima gani? Nilitaka ndizi ziive kabla ya Alhamisi, basi. Adabu nikaifanya pa kujifichia.

Alhamisi asubuhi tukafukua. Ndizi za juu zilikuwa nyeusi, zimechemka, zinatoa maji. Nikaanza kulia kwa hasira. Tusajigwe akasema, "Acha bwana wifi, za chini huenda ni nzima." Akaruka ndani. Hakupiga hata kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Nikamwita, nikamwita, nikataka kumfuata, mikono ikanidaka kwa nyuma. Ilikuwa mikono ya baba mkwe. Akashusha kijinga, kikazimika kabla hakijamfikia binti yake. Majirani walipomtoa kwa kamba alikuwa ameshakufa.

Baada ya maziko mzee alikuja akasimama mbele yangu, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza.

"Nilisema na kuku. Ulisikia?"

"Nilisikia, baba." Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.

"Mila haikukuzuia kuzibua tundu," akasema. Akaondoka. Mpaka anakufa hakunisemesha tena.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona miguu yangu hii hapa, yote mizima? Aliyevunjika ni mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wa kwetu alikula peke yake.

Sasa wewe mwenyewe ulinisomea kitabu chako cha shule, umesahau? Ukasema jua linapasha ardhi joto, na ardhi nayo inarudisha joto juu. Lakini hewa ya ukaa na gesi nyingine za aina yake zinalidaka joto hilo lisitoke lote. Kidogo ni neema, bila hivyo tungeganda. Hata shimo lisilofunikwa haliivishi. Lakini tunachoma mafuta, makaa ya mawe na misitu, kifuniko kinazidi unene. Ukanisomea na habari za Zuhura, sayari ile inayong'aa alfajiri, kwamba imefunikwa na hewa hiyo hiyo mpaka imekuwa tanuri. Siku ile sikula. Nilisema moyoni, mimi shimo hili nalijua.

Na dalili si tunaziona? Ukungu wa asubuhi haukai kama zamani. Mbu wamepanda mpaka huku juu, walikokuwa wanashindwa na baridi. Utaniambia, "Bibi, viwanda vya mbali ndivyo vilivyoziba, tanuri langu moja la mkaa ni nini?" Ni kweli, wao wameziba kuliko sisi. Lakini hata Tusajigwe hakuziba yeye. Shimo halikuuliza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na simsemeshi kuku, nakusemesha wewe. Miti ile ya mtoni unayotaka kuikata uchome mkaa inavuta hewa hiyo na kuifungia kwenye mbao zake. Ukiichoma unaiachia yote. Iache isimame. Ukionywa, usitafute adabu, wala shida, wala jirani wa kujificha nyuma yake. Zibua tundu ungali juu, maana katika shimo hili tumo wote, na sijui nani atabaki nje wa kushusha kamba.

Kyala, Mungu wetu, akupe masikio kabla hajakupa mali. Ubarikiwe, mwanangu, na watakaoshuka baada yako wakute kijinga bado kinawaka.