Kipande cha Tisa cha Besi na Kinanda

Tangu mkewe afariki, fundi wa makochi alikuwa na vitu viwili asivyovigusa. Kimoja ni besi yake. Cha pili ni karatasi mbili zilizokunjwa pamoja, ndani ya droo, chini ya vipande vya vitambaa vya kuonyeshea wateja.

Besi, kwa asiyeijua, ni kama fidla, ila inampita mtu kimo. Haipakatwi. Unasimama nayo, unaikumbatia, unazisugua nyuzi kwa upinde, na sauti yake inakufika tumboni kabla ya masikioni. Fundi aliipiga ujanani katika bendi ya harusi. Shule hakukaa. Alisoma hadi akajua kuandika jina lake na kusoma futi ya kupimia, akaona inamtosha.

Mkewe alikuwa mwalimu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye akamwita hivyo hivyo. Alifundisha watoto kuimba na kupiga kinanda cha mivukuto, kile ambacho lazima ukikanyage kwa miguu ndipo kipate pumzi. Kinanda kilikaa sebuleni, na besi ilisimama kando yake, kwa kuwa hapakuwa na pembe nyingine ya kuiweka. Shemeji yake alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza aliviangalia hivyo viwili, akacheka.

"Tembo na bata," alisema. "Hawa wataimba nini pamoja?"

Hakuna aliyewahi kuwatungia. Basi Mwalimu akatunga. Alitunga vipande vifupi, dakika tatu, dakika nne, vya besi na kinanda peke yao.

"Virefu vya nini?" alisema. "Mume wangu ana kochi la watu linamngoja nje."

Watoto walipomuuliza kwa nini Fundi haongei, aliwaambia ana misumari mdomoni. Na ni kweli, mchana kutwa alikuwa nayo, misumari midogo ya kupigilia kitambaa, ameibana kwa midomo. Jioni akiitema, mdomo unakuwa umeshazoea.

Upande wake Mwalimu aliuandika kwa herufi za do re mi. Upande wa Fundi aliuandika kwa rangi. Besi ina nyuzi nne, naye akatumia kalamu nne: nyeusi kwa uzi mnene, kijani kwa unaofuata, kisha buluu, kisha nyekundu. Juu ya rangi aliweka namba ya kidole. Mstari mrefu, vuta sauti. Mfupi, ikate. Na pale Fundi alipotakiwa kunyamaza hadi kinanda kitangulie, alichora kiganja kidogo cha mkono, vidole vitano vimesimama.

Mikono hiyo ilikuwa mingi.

"Unanisimamisha kama askari wa barabarani," Fundi alimwambia siku moja.

"Basi simama."

Akasimama. Vipande vinane, miaka thelathini na minne, kinanda kilitangulia na besi ikafuata. Fundi hakuhesabu. Alimtazama bega. Bega la Mwalimu likishuka, naye anaingia.

Cha tisa Mwalimu alikitunga akiwa mgonjwa. Aliketi kitandani, sinia juu ya mapaja, kalamu zimepangwa ukingoni. Siku kumi na moja. Alipomaliza alimwita mumewe.

"Kiko tayari. Tukijaribu leo."

Fundi alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Kinanda kile kinataka miguu.

"Ukipona," alisema.

"Ni dakika tatu."

"Ukipona, Mwalimu."

Hakubishana naye. Alikunja karatasi, akampa aziweke droo. Hakupona.

Msibani watu walimwambia Fundi, ulimtunza mkeo, umefanya yote. Akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia yeyote kwamba aliombwa dakika tatu akazinyima. Siku ya arobaini na moja alilegeza nyuzi za besi, zote nne, akaigeuza uso ukutani.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Halafu akaja Kidole. Huyu alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu alipiga kinanda kwa kidole kimoja mwaka mzima, mpaka Mwalimu akamfungia hicho kidole kwa kitambaa ili vingine vifanye kazi. Sasa alikuwa mwalimu wa muziki mwenyewe, ana miwani, lakini kwa Fundi alibaki Kidole.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Usikalie hilo, gundi haijakauka."

Kidole akakaa kwenye kigoda. Akaeleza shida yake. Shuleni kwake anaandaa alasiri moja ya vipande vipya vifupi, vya ala ambazo kwa kawaida hazikutanishwi, moja ya nyuzi na moja ya vibonyezo. Amepata gambusi na piano. Amepata fidla na kodiani. Amepata hata selo, mdogo wake besi, pamoja na piano ya kuchezea watoto.

"Watu watacheka," Fundi alisema.

"Wacheke. Ila Baba, mtu wa kwanza kufanya mambo haya mjini hapa ni Mwalimu, na hayumo."

"Chukua cha tatu. Hicho watu walikipenda."

"Cha tatu kimepigwa mara mia. Sharti ni kipya, kisichowahi kusikiwa na mtu."

Fundi alitoa msumari mmoja mdomoni. Akaugonga. Akatoa wa pili. Binti yake, ambaye alikuwa mlangoni na sare ya duka la dawa anakofanya kazi, alimtazama baba yake mgongoni.

"Kipo kimoja," Fundi alisema mwishowe.

Walianza jioni ya siku iliyofuata. Kuzikaza nyuzi peke yake kulichukua saa nzima, maana besi iliyolegezwa muda mrefu haikubali haraka, ukiikaza inashuka tena. Vidole vya Fundi vilikuwa vimelainika mahali pa nyuzi. Sugu zote zilikuwa zimehamia pale pa nyundo. Kidole alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akaifungua karatasi ya kinanda, Fundi akaifungua ya rangi, kila mmoja na yake.

Kidole akaanza. Fundi alimtazama bega. Likashuka, akaingia.

Sauti ziligongana vibaya. Wakaacha, wakaanza upya. Zikagongana palepale. Jioni ya pili vilevile. Kila besi ilipoingia ilikuta kinanda kimeshaondoka, kimehamia kwenye jambo jingine kabisa, wakawa kama watu wawili wanaojibiana kila mmoja na kesi yake. Fundi alidhani ni vidole vyake. Halafu akadhani ni masikio.

Jioni ya tatu Kidole aliondoa mikono kwenye kinanda, akavua miwani, akaifuta.

"Baba, usinielewe vibaya."

"Sema."

"Mwalimu alikuwa anatumia dawa nyingi wakati ule. Labda hakukimalizia. Labda pande mbili hazikukaa sawa. Ningeweza kurekebisha kidogo, nisogeze hapa na pale, na bado kingekuwa chake."

Fundi aliilaza besi chini, akaenda kunywa maji jikoni, akakaa huko. Binti yake alikuwa anaosha vyombo.

"Anataka kukikata," Fundi alisema.

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nilishakikataa mara moja."

Binti aliacha maji yakimwagika bila kuyafunga. Lakini Fundi alikuwa tayari ameshainuka.

Alikwenda kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, akawasha taa.

"Kidole, niletee hiyo karatasi yako."

"Hutaweza kuisoma, Baba. Ni herufi tupu."

"Sitaki kuisoma."

Miaka yote ile hakuwahi kuitazama karatasi ya mkewe. Herufi zilimtia haya. Alipewa ya rangi, akashughulika na ya rangi. Sasa aliilaza ile ya herufi juu ya meza kama anavyolaza kitambaa cha maua. Kochi la watu watatu lina mito mitatu, na mteja akiona ua limekatika kati ya mto na mto, hakulipi. Kwa hiyo fundi hushika ua moja kubwa kwenye kipande cha kwanza, hulitafuta lilipo kwenye cha pili, kisha huvuta vitambaa taratibu hadi viungane. Alizisogeza karatasi mbili hivyo hivyo, moja juu, moja chini, akitafuta alama ya kushika.

Akaiona.

"Hii nini?"

"Ni maua hayo," Kidole alisema. "Yako mengi. Nilijua ni mapambo tu, Mwalimu alipenda kuchora."

"Huo ni mkono."

Akahesabu kwa ncha ya mkasi. Kumi na miwili kwenye karatasi ya kinanda. Akahamia kwenye yake, akaenda mstari kwa mstari, mpaka chini. Hapakuwa na hata mmoja.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Mkono maana yake ngoja," alisema. "Siku zote ulikuwa kwangu. Huku umewekwa kwako."

"Kwa hiyo anayengoja ni mimi?"

"Kinanda ndicho kinachongoja. Besi inatangulia."

Kidole alivaa miwani, akainama. Alisoma kwa kuimba chini chini, akisimama kwenye kila mkono na kumpa Fundi nafasi kichwani. Akafika mwisho.

"Kimekaa sawa, Baba. Hakuna cha kurekebisha. Kila kinapoingia kinanda ni kidogo tu, sauti nne, sita, halafu kinapumzika."

"Sita ngapi kwa miguu?"

"Vipi?"

"Ukikanyaga. Hizo sauti sita ni kukanyaga mara ngapi?"

Kidole akarudi kwenye kinanda, akajaribu. "Nane. Hapa tisa. Haizidi tisa."

Hapo Fundi akaelewa kitu ambacho angependa asikielewe. Mwalimu alijua miguu yake inaweza nini. Aliipima, kama yeye anavyopima kitambaa kidogo kilichobaki, akatunga kwa kadiri hiyo. Kukanyaga mara tisa, kupumzika. Nane, kupumzika. Ile siku aliyomwita alikuwa anajua hesabu yake.

"Angeweza," Fundi alisema.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa.

"Aliniomba tukipige," Fundi alimwambia. "Mama yako. Nikamwambia akipona."

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Aliniambia jioni ileile."

Fundi alimtazama. "Alikasirika?"

Binti angeweza kusema hapana. Alijipangusa mikono kwenye sare.

"Alikasirika. Siku mbili nzima, wewe ulidhani ni maumivu. Ya tatu akaomba chungwa, akasema ulimenye wewe, maana mimi naacha nyeupe."

Fundi alilikumbuka hilo chungwa. Alikuwa amelimenya lote bila kukata ganda.

Hawakufanya mazoezi zaidi siku hiyo. Walifanya kesho yake, na keshokutwa, na kila siku hadi Jumapili. Shida ikawa nyingine. Fundi hakujua kutangulia. Alisimama na besi yake, akamtazama Kidole bega, na bega likakaa tu, halishuki, kwa kuwa halikuwa na ruhusa ya kushuka. Mara nyingine walikaa kimya hivyo hadi binti akachungulia kuona kama kuna mtu ameanguka. Kidole akaanza kumwitikia kwa kichwa ili aanze.

"Usifanye hivyo," Fundi alisema. "Ukiniitikia nitakungoja wewe."

"Sasa utajuaje wakati wa kuanza?"

"Sijui."

Jumapili kinanda kilibebwa kwa pikapu, kimefunikwa blanketi. Ukumbi wa shule ulikuwa na viti vya plastiki, nusu vimejaa. Gambusi na piano vilipita salama. Selo na piano ya kuchezea vilifika katikati, kibonyezo kimoja kikanasa kikawa kinalia peke yake, watu wakacheka, na msichana aliyekipiga akacheka nao, akakitoa kwa kucha, akaendelea. Kisha wakaitwa.

Kidole akaweka miguu kwenye vikanyagio na mikono mapajani. Akatazama mbele. Fundi akasimama. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Hakuna bega la kutazama. Miaka thelathini na minne mwanzo ulikuwa kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu aliwahi kuketi kitandani akamwachia yeye.

Akavuta uzi mnene.

Kinanda kikangoja hadi alipokata, kikamjibu. Akaenda kwenye kijani. Kikajibu. Kilikuwa kipande cha polepole, hakina mbwembwe, kama watu wawili wanaohamisha kabati zito kupitia mlango mwembamba, mmoja anasema hatua, mwingine anafuata. Kwenye mkono wa saba Fundi alipotea. Rangi alikuwa anaziona, namba alikuwa anaziona, lakini akasimama tu, upinde hewani. Ukumbi ukafikiri ndivyo kilivyoandikwa. Kidole hakugeuka. Aliendelea kukanyaga kidogo kidogo, bila sauti, ili mivukuto isife, akangoja kama alivyoandikiwa. Fundi akaipata ile buluu, akaingia. Wakamaliza.

Watu walichelewa kupiga makofi, hawakujua kama kimeisha. Kisha wakapiga, kiasi.

Wakati wa kurudi, Fundi alikataa kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma ya pikapu, amekishika kinanda kwa mkono mmoja na besi kwa mwingine. Binti yake akapanda, akakaa naye.

"Ulipotea pale katikati," alisema.

"Nilipotea."

"Ulisahau?"

Fundi aliikaza mkono besi hadi wakapita kona ya kwanza.

"Sikusahau. Nilikuwa nasikiliza. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Sikuwahi kumsikia yeye akinijibu."

Binti alisogea, akashika upande wa pili wa kinanda, na dereva akaendesha polepole kwa sababu ya mashimo.