Makala Ambayo Daktari Mbeyu Hakuiandika

Saa nne asubuhi, katika maabara moja mjini Kilifi, Daktari Mbeyu Nzai anainua chupa ya maji kwenye mwanga wa dirisha. Maji ni meupe pe, hayana harufu. Anayapima tena na mashine inampa jibu lile lile: floraidi, madini yanayoharibu meno ya watoto na kulemaza mifupa polepole, imezidi kipimo salama mara tatu.

"Natamani mashine ingekuwa mbovu," anasema, wala hacheki.

Maji haya yametoka kijiji kimoja nje ya Marereni. Shirika la misaada lilichimba kisima huko kwa sababu mtaalamu wa kemia aliandika kwamba maji ya hapo ni salama. Jina la mtaalamu huyo ni Mbeyu Nzai.

Shida ni kwamba hakuandika.

Mbeyu, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni mzaliwa wa Ganda, binti wa wakulima wa mihogo. Amechapisha makala thelathini na nne kuhusu maji ya pwani, na wanasayansi wenzake wamezinukuu mara elfu moja na mia mbili hivi. Katika kazi hii kunukuliwa ndiko heshima, ingawa hakuna posho inayokuja nayo. Naye hafichi kwamba alikuwa akichungulia hesabu hiyo kila siku kabla hata ya chai.

"Nilikuwa nimelewa sifa, kusema kweli."

Asubuhi moja akakuta makala asiyoijua. Jina ni lake, kijiji kinachosifiwa maji yake ni kile cha Marereni, ambacho alikuwa hajawahi kukikanyaga. Ilikwisha kunukuliwa mara sitini. Akaitafuta yenyewe: jarida lipo, toleo lipo, kurasa hizo hazipo. Huenda kompyuta fulani iliibuni, na waandishi wakaichukua mmoja kwa mwingine bila kuisoma. Lakini maneno ambayo waandishi hao waliyanukuu kutoka makala hiyo ndiyo yaliyomtia baridi.

"Ni sentensi zangu. Ninavyopenda kuanza, ninavyopenda kumaliza. Nilijiuliza kama niliandika nikasahau."

Mama yake, Pamela, hakushangaa. Kwa desturi ya Wagiriama, Mbeyu alirithi jina la hawe wake, yaani nyanya yake mzaa baba, aliyefariki zamani.

"Jina hilo mnalitumia wawili, mwanangu," mama alimwambia. "Hawe wako ni koma sasa, mzimu wa ukoo, na koma akisahauliwa hujitafutia kazi."

Wakamwaga pombe ya mnazi kaburini kwa hawe, kumkumbuka. Mbeyu, Mkristo na mkemia, alisimama pale akiona haya. Juma lililofuata, makala ile ilinukuliwa mara tisa zaidi.

Akaagiza maji ya kisima kile, akayapima, akaandika makala ya kweli yenye vipimo vyake. Ilirudishwa. Mhariri alimtaka aeleze kwa nini anapingana na utafiti wake mwenyewe unaoheshimika. Alipojibu kwamba si wake, akaombwa ushahidi kwamba hakuuandika. Hapo ndipo alipolia.

Basi akaenda mwenyewe kijijini. Alipokewa kwa vigelegele, akatekewa maji ya kunywa. Kikombe alikiweka chini bila kunywa. Alipowaambia maji ni mabaya, mzee wa kijiji, Menza, alimtazama kwa huruma.

"Daktari, si wewe mwenyewe uliyesema ni mazuri? Labda safari imekuchosha."

Ndipo mama mmoja kijana, Easter, akampakatisha mtoto wake. "Huyu ni somo yako. Tulimwita Mbeyu kwa ajili ya kisima."

Kwa watu hawa somo si mgeni kwa mtoto. Ana sauti katika malezi yake. Mbeyu anasema hakufikiri, ulimi ulitangulia.

"Somo yangu hatakunywa maji haya. Nimekataza."

Easter hakubisha. Aliuchukua mtungi wake akaumwaga mchangani, mbele ya mzee Menza. Kisha akauliza, "Na hawa wengine, daktari, wasio na jina lako?"

Mbeyu akaanza na nyumba ya jirani yake Easter. Sasa kila Jumamosi hurudi huko akipita nyumba hadi nyumba. Nyumba nne zimeacha kuchota, na chifu ameahidi kusikiliza.

"Majarida wacha yabaki na Mbeyu wao," anasema huku akisuuza chupa. "Mimi nataka kisima kifungwe kabla mtoto yule hajajua kutamka jina letu."